UZI: Wachina walioacha vyeo kwao wakaja Kanada kubeba boksi, kweli wameridhika na maisha?

#1 Mbeba Boksi Msomi (Scarborough)

Wakuu, salama? Kuna jambo linanisumbua kichwa tangu nianze shifti ya usiku hapa Scarborough, Toronto.

Kwenye ghala letu karibu nusu ya watu ni Wachina wa bara. Ninayepanga naye mizigo ni jamaa wa Shenyang, amevuka hamsini. Kwao alikuwa mhandisi wa mitambo kiwandani, ana watu chini yake, ana ofisi. Hapa tunavaa naye glavu zilezile na bosi wetu ni kijana wa miaka ishirini na nne. Kiingereza chake ni cha kuungaunga, changu nacho mnakijua, lakini tunaelewana. Juzi wakati wa mapumziko amefungua kopo lake la chakula, wali na mayai yaliyokaangwa na nyanya, nikamchokoza: hivi ukipima yote, maisha ya huku unayaonaje? Akatafuna kwanza, akasema ameridhika. Kisha: "Binti yangu yuko Chuo Kikuu cha Waterloo." Akaendelea kula, maongezi yamekwisha.

Sasa yupo mwingine, mtu wa Hangzhou, msimamizi wa zamu. Nyumba yake Markham, nje kidogo ya Toronto, ameshamaliza kuilipia, mke ana duka, gari mbili uani. Huyu analalamika tangu anagonga kadi ya kuingia mpaka anagonga ya kutoka. Anasema kama si watoto angerudi kwao kesho asubuhi.

Nini hasa kinamfanya mhamiaji aseme ameridhika? Mimi naona pesa haina nguvu tunayoidhania. Karibuni, hasa mnaoishi nao.

#2 Ngedere Mzee

Na wewe msomi unayebeba boksi umeridhika? Anza na wewe kabla hujamhoji Mchina wa watu na wali wake.

#3 Shangazi wa Markham

Hamjambo. Mimi nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee hukuhuku Markham, na wengi wa wazee wetu ni Wachina. Mbeba Boksi, mwanangu, umemuuliza mtu ambaye mtoto wake yuko chuo kikuu, ulitarajia akujibu nini? Njoo uwaulize wazazi wao.

Tunaye bibi mmoja wa Guangdong. Asubuhi lazima apate maji ya moto kwenye chupa yake ya chai, na ukimwekea maji ya barafu kama tunavyowawekea Wazungu anakutazama kana kwamba umemtukana. Aliletwa kulea wajukuu. Wajukuu wamekua, wanaongea Kiingereza wao kwa wao, yeye hana hata neno la kuwauliza shule ilikuwaje. Bintiye akipiga simu saa kumi na mbili jioni, bibi anaipandisha sauti: nimekula, nimelala vizuri, usihangaike kuja na theluji hii. Simu ikikatwa anageukia ukutani, hataki hata runinga. Ukimletea fomu ya kujaza kama ameridhika na maisha atakwambia ndiyo, tena kwa adabu. Mimi ninayembadilishia shuka ndiye ninayejua.

#4 Mwalimu Kipimajoto

Shangazi, shikamoo. Umegusa penyewe.

Kipimo cha kuridhika na maisha kinachotumika sana ni cha mwanasaikolojia Ed Diener na wenzake, cha mwaka 1985. Sentensi tano tu. Unaulizwa kama maisha yako yanakaribia yale uliyoyatamani, kama hali yako ni nzuri, kama ungepewa kuishi upya ungebadilisha kitu, na mengine ya namna hiyo. Kila sentensi unaipa namba kuanzia 1 hadi 7, kisha zinajumlishwa. Ya chini kabisa 5, ya juu 35.

Tatizo ni kwamba watu hawazitumii namba kwa namna moja. Mwaka 1995 ulitoka utafiti uliolinganisha wanafunzi wa Japani, Taiwan, Kanada na Marekani: wale wa Asia Mashariki walielekea zaidi kuchagua namba za katikati, Wamarekani wakapenda zaidi za pembeni. Kwa hiyo Mchina akikupa 4, usikimbilie kusema hana raha. Na akikwambia "nimeridhika" huku anatafuna, pengine amekupa jibu la heshima tu ili amalizie chakula chake.

#5 Hesabu Hazidanganyi

Mwalimu yuko sahihi kuhusu namba za katikati, ila tusiitumie hoja hiyo kufuta kila kitu. Statistics Canada, shirika la takwimu la huku, walitoa utafiti 2014 uliowalinganisha wahamiaji wapya na watu wa nchi walikotoka, na pia na waliozaliwa Kanada. Kwa jumla wahamiaji waliridhika zaidi kuliko waliobaki kwao, wakawa wanawasogelea wenyeji. Ripoti ya Furaha Duniani ya 2018 nayo iliwachambua wahamiaji wa nchi zaidi ya 100, ikakuta furaha yao inafanana sana na ya wenyeji wa nchi waliyohamia. Finland ilikuwa ya kwanza kwa furaha ya wahamiaji na kwa ya wenyeji pia.

Kwa hiyo jibu ni rahisi: ukihamia penye watu walioridhika, na wewe unaridhika. Barabara, hospitali, polisi asiyekuomba chochote. Mchina wa Shenyang anapumua hewa safi, mnataka nini tena?

#6 Mtoto wa Mjini

Hewa safi hailipi kodi ya nyumba mkuu 😂

Mimi nasema hivi, hawa Wachina wa Kanada ni matajiri. Walihamia miaka ya tisini na hela zao kutoka Hong Kong walipomwogopa Beijing, wakanunua Vancouver nzima. Kabla ya hapo Kanada hakukuwa na Mchina. Tajiri akisema haridhiki mimi simhurumii.

#7 Pwani ya Magharibi (Burnaby)

Mtoto wa Mjini, punguza kasi. Wachina wapo huku tangu 1858, walipokuja kufuata dhahabu mto Fraser. Kati ya 1881 na 1885 wapatao 15,000 walijenga reli ya Canadian Pacific kwenye milima ya British Columbia, kazi ya baruti na mapango, na waliokufa wanakadiriwa si chini ya 600. Reli ilipokwisha tu, mwaka huohuo wa 1885, wakawekewa kodi ya kichwa ya dola 50 kwa kila Mchina anayeingia. 1900 ikawa 100, na 1903 ikawa 500, mshahara wa mtu wa miaka miwili hivi. 1923 mlango ukafungwa kabisa na haukufunguliwa mpaka 1947. Wanaume walizeeka peke yao kwenye vyumba vya Chinatown, wake wako Guangdong. Waziri Mkuu Harper aliomba radhi bungeni Juni 2006, na wengi wa waliolipa walikuwa wameshakufa.

Wa Hong Kong unaowasema walikuja kweli, kabla ya 1997 Uingereza ilipoirudisha Hong Kong kwa China. Baadaye ndiyo wakaja wengi wa bara, na hao wengi waliingia kwa mfumo wa pointi: digrii, umri, Kiingereza. Leo wenye asili ya Kichina Kanada ni kama milioni 1.7, na mji wa Richmond, hapa jirani na Vancouver, ni zaidi ya nusu ya wakazi. Sasa ukiuliza "Mchina ameridhika?" unamuuliza yupi? Mjukuu wa mjenzi wa reli, mwenye duka wa Hong Kong, au mhandisi wa Shenyang? Hawa hata lugha ya nyumbani si moja, huyu Kikantoni, yule Kimandarini, na wakikutana mara nyingi Kiingereza ndicho kinawaokoa.

#8 Mtoto wa Mjini

Sawa profesa wa reli. Nilichosema kuhusu Vancouver kununuliwa hujakijibu lakini.

#9 Pwani ya Magharibi (Burnaby)

Nakijibu. Bei za nyumba zilipopaa, lawama zote zikamwangukia Mchina. Agosti 2016 mkoa ukaweka kodi ya 15% kwa mnunuzi wa kigeni eneo la Vancouver, 2018 ikapanda kuwa 20%, na tangu Januari 2023 nchi nzima imewazuia wageni wasio wakazi kununua nyumba nyingi za makazi. Bei zimeshuka? Mimi bado napanga chumba cha chini ya ardhi.

Kwenye kuridhika, hiyo inaingia hivi. Jirani yangu amezaliwa hapa, baba yake amezaliwa hapa, na bado mtu anamwona kwenye mnada wa nyumba anamsonya. Ikaja korona. Polisi wa Vancouver waliandikisha visa 12 vya chuki dhidi ya Waasia mwaka 2019, mwaka 2020 vikawa 98. Mama yake aliacha kupanda basi. Hesabu Hazidanganyi, weka hewa safi kwenye mzani na hilo nalo uliweke.

#10 Guangzhou Kitambo

Nawasoma kimyakimya, acheni nami nitie neno. Nilifanya biashara Guangzhou, maeneo ya Xiaobei, enzi zile Waafrika tumejaa. Wote mnachukulia kwamba shida ya mhamiaji ni nchi ngeni: lugha, rangi, baridi. Sasa nawaletea Mchina aliyehama ndani ya China.

Pale sokoni dada aliyekuwa ananifungia mzigo alitoka kijijini Hunan. Lugha yake, nchi yake, uso wake. Lakini kwenye kitabu cha ukaazi, kile wanachokiita hukou, yeye ni mtu wa kijijini, kwa hiyo mtoto wake kupata shule ya serikali mjini ni msamiati. Mtoto kaachwa kwa bibi. Anamwona sikukuu ya mwaka mpya, amembebea koti, koti limeshakuwa dogo kabla halijavaliwa.

Kwenye ripoti hiyohiyo ya 2018 aliyoitaja Hesabu kuna sura ya John Knight na Ramani Gunatilaka kuhusu hawa waliotoka vijijini kwenda mijini China. Kipato chao ni kikubwa kuliko cha waliobaki kijijini, lakini furaha yao ni ndogo kuliko ya waliobaki. Moja ya sababu wanazozitoa ni kwamba wakishafika mjini matamanio yanabadilika: kijijini ulijilinganisha na jirani mwenye nguruwe wawili, mjini unajilinganisha na mwenye ghorofa.

Kwa hiyo yule wa Hangzhou hanishangazi. Waliotoka China mwaka 2000 wamewaacha wenzao wa darasani kwenye baiskeli. Leo wenzao wana makampuni, wanapanda treni ya kasi, wanalipa kila kitu kwa simu, halafu wanamuuliza kwenye kundi la WeChat: wewe huko Kanada unafanya nini? Anawaambia ana nyumba yenye bustani. Bustani yenyewe anailima theluji miezi mitano.

#11 Ngedere Mzee

"Anailima theluji" 😂😂 Guangzhou, uongezewe siku za kuishi.

#12 Hesabu Hazidanganyi

Hoja ya Guangzhou nzito, nakubali ipo. Ila hukou ni sheria inayomnyima mtu haki, si suala la matamanio peke yake. Mhamiaji wa Kanada mtoto wake anaingia shule ya serikali mara moja. Ndiyo maana wa ndani ya China wanashuka na wa Kanada wanapanda. Hizi ni hali mbili tofauti.

Na kuna mtego mwingine hamjauona. Walioshindwa wamesharudi. Ukiwahoji Wachina walioko Toronto leo, unawahoji waliobaki. Mwenye kinyongo kikubwa yuko Shanghai anafundisha Kiingereza.

#13 Mwalimu Kipimajoto

Hesabu, na wewe basi umeubomoa utafiti wako mwenyewe wa #5. Kama wasioridhika wameondoka, wastani lazima uonekane mzuri.

#14 Hesabu Hazidanganyi

Sijaubomoa, nimeuwekea alama ya tahadhari. Wahamiaji wapya wengi hawajapata hata nafasi ya kurudi.

#15 Mama Wawili Tu (Brampton)

Asante kwa uzi, nimejisajili leo sababu yake.

Guangzhou kataja mtoto kuachwa kwa bibi. Hata huku lipo. Jirani yangu wa Fujian alijifungua hapa, likizo ya uzazi ilipokwisha mume anapika kwenye mgahawa, yeye anashona, chekechea ni bei ya kodi ya nyumba. Mtoto akasafirishwa China kwa bibi, akarudishwa kuanza shule. Jambo hili ni la kawaida kwao Toronto mpaka watafiti wa York University wameliandikia. Basi mtoto amerudi, mama anamlilia uwanja wa ndege, mtoto kajificha nyuma ya bibi. Kwa muda mrefu alikuwa anakula kwa bibi tu, kwa simu ya video! Bibi yuko Fuzhou anamwambia meza, anameza.

Huyu mama ukimuuliza kazi, atasema nzuri. Nyumba, nzuri. Mimi naona kuridhika kwake kumekaa kwenye swali moja tu, yule mtoto anamwita nani mama.

Na tusiwacheke. Wangapi humu watoto wao wako Tanga kwa bibi?

#16 Jirani wa Kilimani (Nairobi)

Wadau, habari zenu. Sisi huku Nairobi Wachina tunao tele, lakini wale naona si kama hawa wa Kanada. Hapa Kilimani jirani yangu wa ghorofa ya tatu ni wa kampuni ya ujenzi. Amekuja kwa kandarasi, chakula anapikiwa na mpishi wao, wikendi ni karaoke na wenzake, mshahara mwingi unabaki kwa akaunti ya nyumbani. Nilimuuliza kama anapenda Kenya akasema hali ya hewa ni poa sana. Nikamuuliza kama angetaka kukaa akacheka bana, kana kwamba nimemwambia akae kituo cha matatu.

Mtu ambaye anajua tarehe ya kurudi anavumilia lolote. Yule wa Kanada alichoma mashua. Hamuwezi kuwapima kwa rula moja.

#17 Mzee wa Ukonga

Jirani wa Kilimani umenena. Mimi niliwaona wale Wachina wa reli ya TAZARA nikiwa kijana, 1970 hadi 75. Kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi. Walikaa kambini, walilima mboga zao wenyewe pembeni ya hema, hawakuoa, hawakunywa kwenye vilabu vyetu, na mkataba ukiisha mtu anarudi. Hakuna aliyewauliza kama wameridhika, na wao kwa wao nadhani lilikuwa swali la aibu.

Wapo ambao hawakurudi. Makaburi yao yako huku kwetu upande wa Gongo la Mboto, Majohe, wapatao 70. Ubalozi wao huja kila mwaka kuweka maua.

#18 Mtoto wa Mjini

Mzee shikamoo. Hao wa TAZARA walikuwa waungwana. Wa sasa wako Kariakoo wanauza soksi rejareja. Serikali ilipotoa amri ya Julai 2025 kuwazuia wageni kwenye biashara 15, kutengeneza simu, saluni, kuongoza watalii, mimi nilishangilia. Aende Kanada akaridhike huko.

#19 Muuza Mapazia K/koo

Mtoto wa Mjini, wewe unashangilia, mimi niko hapahapa mtaani na Mchina ndiye aliyekuwa ananikopesha mzigo. Jumla ananipa yeye, rejareja nauza mimi. Alikuwa na mke na mtoto mdogo, mtoto anaongea Kiswahili cha Kariakoo na matusi yake yote. Yule ndiye mhamiaji hasa, Jirani wa Kilimani, si wa kandarasi. Alitoka Zhejiang, kaka yake yuko Italia, Prato, wanashona nguo. Alinionyesha picha za huko: chereheni zimepangwa, nyuma ya pazia ndipo wanapolala. Akasema kaka anapata euro lakini jua hulioni, hapa napata shilingi lakini jioni nakaa nje na feni.

Nilimuuliza kwa nini asiende kwa kaka. Akaniambia kule moto uliua watu kiwandani. Nimekuja kujua ni kweli, Desemba 2013, wafanyakazi saba.

#20 Ngedere Mzee

Tumetoka Scarborough tuko kwenye mapazia. Mleta uzi yuko wapi?

#21 Mbeba Boksi Msomi (Scarborough)

Niko wakuu, nilikuwa shifti. Nimesoma zote.

Nimerudi kwa jamaa wa Shenyang na swali jingine, sikumuuliza tena kuhusu kuridhika, Mwalimu asije akasema jibu la heshima. Nilimuuliza mbona hakutafuta leseni ya uhandisi. Akanieleza kwamba alipofika chama cha wahandisi Ontario kilidai mwaka mmoja wa uzoefu wa kazi ndani ya Kanada, na kazi ya kuupata huo uzoefu ilidai leseni au uzoefu. Alipeleka barua za maombi mpaka mkewe akamwambia wino umekwisha, aje ale. Sharti hilo wameliondoa 2023. Nikamwambia si ujaribu sasa! Akavua glavu, akanionyesha kidole gumba kilichobanwa na mzigo mwaka juzi, hakikunji vizuri. "Mchoro sasa anachora binti."

Hakuonekana na huzuni wala nini. Ndicho kinachonichanganya. Mimi ningekuwa na hasira mpaka leo.

#22 Mwalimu Kipimajoto

Kuna mtu anaitwa John Berry, mwanasaikolojia wa hukohuko Kanada, Queen's University. Yeye anasema mhamiaji anajibu maswali mawili: nitunze vya kwetu? Nishirikiane na wenyeji? Ukijibu ndiyo kwa yote mawili, mara nyingi ndipo mtu anapokuwa na hali nzuri zaidi. Hapana kwa yote mawili ndiyo mbaya zaidi. Katikati wapo wanaomezwa na wenyeji wakaacha vya kwao, na wanaojitenga na wenyeji wakabaki na watu wao tu.

Jamaa wa Shenyang nikimtazama, ana wali wake na mayai, ana binti Waterloo, na ana wewe wa kuongea naye. Msimamizi wa Hangzhou ana nyumba, ila hatujasikia ana nani.

#23 Shangazi wa Markham

Mwalimu, hapo nakupinga kidogo. Njoo Markham, Pacific Mall ilifunguliwa 1997, maduka zaidi ya 400. Mtu anaamka, anafanya benki, daktari, kinyozi, samaki hai kwenye tangi, kanisa, gazeti, bila kutamka neno la Kiingereza. Kwa hesabu za Berry huyo amejitenga. Lakini wazee wenye furaha kuliko wote ninaowaona ndio haohao! Asubuhi wanacheza ngoma zao kwenye maegesho ya magari, mchana mahjong, wanagombana, wanapatana. Yule bibi yangu wa Guangdong shida yake si kwamba hajui Kiingereza. Bintiye alinunua nyumba mji wa Barrie, mbali na hapa, kwa sababu bei ni rahisi, akamkalisha mama huko miaka mingi, Mchina wa kumsalimia hakuna, na leseni ya gari hana. Alipoletwa kwetu alikuwa ameshasahau kucheka.

#24 Pwani ya Magharibi (Burnaby)

Shangazi nakazia. Ila kwa vijana ni kinyume. Mtoto aliyekulia Richmond akitoka kwenda kutafuta kazi downtown, kule kujitosheleza kwa mtaa kunamgharimu. Raha ya mama na raha ya mtoto hazikai nyumba moja.

#25 BintiMrima (Muscat)

Assalamu alaikum. Mimi mgeni wa mambo ya Kanada, ila hili la kurudi linanigusa. Wazee wetu waliotoka Unguja baada ya 1964 wakaja Oman, wengi walikuja "kwao". Wakafika wakaitwa Wazanzibari, Kiarabu chao kinachekwa, mpaka leo vikao vyao ni vya Kiswahili. Sasa naomba kujua, Mchina wa Kanada akichukua uraia wa huko, kwao anapokelewaje? Yule wa Hangzhou anayesema atarudi kesho, mlango upo?

#26 Hesabu Hazidanganyi

Wa alaikum salaam, swali zuri dada. China haitambui uraia pacha, sheria yao ya uraia ya 1980. Akichukua wa Kanada akiwa anaishi huko, wa China umekwenda. Akitaka kurudi kuishi kwao anaomba viza kama wewe na mimi. Ndiyo maana wengi wanaganda na ukaazi wa kudumu tu, hawaapi. Na huo nao una sharti, siku 730 ndani ya Kanada kila miaka mitano.

#27 Mama Wawili Tu (Brampton)

Kumbe kama sisi Watanzania, uraia pacha hatuna. Hadhi maalumu ya walio ughaibuni nayo si uraia. Wakenya wanatucheka tangu katiba yao iwape uraia pacha 2010.

#28 Jirani wa Kilimani (Nairobi)

Hatuchekani bana, mnakaribishwa 😄

#29 Guangzhou Kitambo

Hilo la Hesabu linafungua jingine. Kuna wanaume wanaoiacha familia Kanada wakatimize siku, wao wanarudi China kwenye kazi nzuri, wanaruka kila baada ya miezi. Mtindo ulianza na wa Hong Kong. Karatasi ziko sawa, hela ipo, mke yuko peke yake Richmond na watoto na theluji, mume yuko peke yake Shenzhen na mpishi. Ukiijumlisha nyumba hiyo kwenye kile kipimo cha Diener unamhesabu nani? Mwalimu?

#30 Mwalimu Kipimajoto

Kila mtu peke yake, kipimo hakijui ndoa. Na huo ni udhaifu wake, kwa sababu jamaa wa Shenyang ukimpima bila binti yake unabaki na glavu.

#31 Hesabu Hazidanganyi

Mimi bado nashikilia nchi yenyewe ndiyo inabeba sehemu kubwa. Kanada ya 1923 na Kanada ya leo, Mchina yuleyule, mbona hatuzungumzii furaha ya wale wa Chinatown? Sheria ikibadilika watu wanabadilika.

#32 Pwani ya Magharibi (Burnaby)

Sheria ilibadilika 1947, na bado mama wa jirani yangu aliacha basi 2020. Sheria peke yake haipandi basi na mtu.

#33 Papa Kolwezi

Bandugu, mambo. Nasoma hapa tangu asubuhi. Kwetu Kolwezi, Kongo, Wachina wa migodi wanaishi ndani ya ukuta, wanatoka na gari wanaingia na gari. Kuna mmoja tu alitoka nje ya ukuta, alioa dada wa kwetu, anauza vipuri vya pikipiki, anakula bukari, ndio ugali, na mikono. Wenzake wanamwona amepotea, sisi tunamwona amefika. Yeye mwenyewe sijamuuliza. Nitapita dukani kesho, niko na pikipiki yenye cheni mbovu hata hivyo. Nimuulize kwa zile sentensi tano za Mwalimu, ama kwa namna ya Mbeba Boksi, wakati anakula?

#34 Shangazi wa Markham

Muulize mkewe, Papa.